Mwana wa Pande Mbili: Fumo Liyongo na Sinema ya The Searchers

Msomaji, katika mambo yanayompima mwanadamu, hapana kipimo kigumu kama uaminifu. Njaa humpima mtu kwa siku chache, na ugonjwa kwa miezi. Lakini uaminifu humpima maisha yake yote. Na kipimo hicho huwa kizito zaidi pale ambapo mtu anadaiwa na pande mbili. Aliye na jamaa moja, mji mmoja na bendera moja ana njia nyepesi mbele yake, hata kama ni ndefu. Lakini aliyezaliwa baina ya watu wawili wanaogombana, au aliyeapa kiapo kwa dola ambayo haipo tena, afanye nini? Akimpendeza huyu amemwudhi yule. Na akinyamaza, wote wawili watamwita msaliti.

Swali hili ni la kale, na watu wa nchi mbalimbali wamelijibu kila mmoja kwa njia yake. Katika insha hii nataka tulitazame katika kazi mbili zilizo mbali sana kwa mahali na kwa namna. Ya kwanza ni habari za Fumo Liyongo, shujaa wa pwani yetu, ambaye masimulizi yanamweka katika nchi iliyo karibu na mlango wa Mto Tana. Ya pili ni sinema ya Marekani iitwayo The Searchers, maana yake Watafutaji, iliyoongozwa na John Ford na kuonyeshwa mara ya kwanza mwaka 1956. Moja ni utendi uliotungwa ili uimbwe. Nyingine ni picha zinazotembea juu ya kitambaa cheupe. Katika moja mna mishale na mikoma. Katika nyingine mna bastola na farasi. Hata hivyo zote mbili zinazungumza juu ya ugomvi wa ndugu, na juu ya kijana aliyesimama katikati ya ugomvi huo akivutwa huku na huku.

Yafaa kwanza tuijue nchi yenyewe, kwa kuwa hadithi isiyo na ardhi ni kama mti usio na mizizi. Mto Tana ndio mrefu kuliko mito yote ya Kenya. Maji yake hutoka katika milima ya Nyandarua na Mlima Kenya, hupita katika nchi kavu yenye miiba, kisha huteremka mpaka Garsen, mji ulio katika njia iendayo Lamu kutoka Malindi. Chini ya Garsen mto hutawanyika katika mabonde na vinamasi, na mwisho humwagika katika Bahari ya Hindi karibu na Kipini. Kandokando ya mto Wapokomo hulima mpunga, migomba na miembe, wakiyangoja mafuriko yalete rutuba. Nyuma ya mashamba hayo, katika mbuga, Waorma na Wawardei hufuga ng'ombe. Na kiangazi kinapokaza, mifugo hushuka mtoni kunywa maji kwa kupita katika njia ziitwazo malka. Mto mmoja, basi, unadaiwa na jembe na unadaiwa na fimbo. Palipo na wadai wawili wa kitu kimoja, hapo swali la uaminifu halikosi.

Karibu na Kipini watu huonyesha mahali panaposemwa kuwa ni kaburi la Liyongo. Wataalamu hawakubaliani juu ya karne aliyoishi, na mimi sitaki kuwaamua. Yatosha kusema kwamba mwaka 1870 Edward Steere alichapisha hadithi yake kwa nathari, kama alivyosimuliwa Unguja, na kwamba mwaka 1913 Muhamadi Kijumwa wa Lamu aliitunga kwa beti katika utendi ambao mpaka leo ni miongoni mwa tungo zinazopendwa sana katika lugha yetu.

Muhtasari wa habari ni huu. Liyongo alikuwa mtu mrefu, mwenye nguvu za ajabu, hodari wa kulenga mshale na hodari wa kutunga nyimbo. Sultani wa Pate, ambaye masimulizi mengi humwita Mringwari na kumfanya ndugu yake Liyongo, aliona kwamba sifa za mtu huyu zinakifunika kiti chake. Wageni wa kabila ambalo utendi unaliita Wagalla, jina ambalo Waoromo na Waorma wa leo hawalitaki, walifika Pate kununua chakula. Walipomwona Liyongo walistaajabu, wakataka apate mtoto kwao ili mbegu ya ushujaa ibaki katika jamaa yao. Akaozwa mke wa kwao, akazaa mwana mmoja wa kiume.

Baada ya hayo uadui ukapamba moto. Sultani aliwaahidi watu wa mwituni fedha wamletee kichwa cha Liyongo. Walikula naye kikoa, wakipanda mikoma kwa zamu kuangua matunda, wakitazamia kumlenga itakapofika zamu yake ya kupanda. Yeye hakupanda, aliangua makoma kwa mishale akiwa chini, nao wakaogopa. Baadaye alishikwa akafungwa kwa minyororo. Mama yake alimtuma mjakazi, jina lake Saada, apeleke mikate. Na ndani ya mkate wa wishwa ilifichwa tupa. Walinzi walikula mikate mizuri, wakamwachia mfungwa ule wa wishwa. Usiku watu walipocheza gungu, na ngoma na matari yakavuma, Liyongo alikata pingu zake, na sauti ya chuma haikusikika.

Hapo Sultani akatambua kwamba mtu huyu hauawi na adui. Basi akamtafuta mtu wa nyumbani. Alimwita yule mwana, akamheshimu, akamwahidi kumwoza binti yake na kumpa cheo. Na katika masimulizi ya Steere aliahidiwa ufalme wenyewe. Sharti lilikuwa moja: aulize ni kitu gani kinachoweza kumwua baba yake. Kijana akarudi, akauliza. Katika utendi baba anatambua kwamba mwanawe amehadaiwa, anamwonya, na hata hivyo anamwambia siri: ni sindano ya shaba katika kitovu. Kijana alimkuta amelala, akamdunga. Liyongo aliamka, akachukua uta wake, akaenda karibu na kisima cha mji, akapiga goti, akapachika mshale, na roho ikamtoka hali amekaa hivyo. Watu walidhani yu hai. Hakuna aliyethubutu kuteka maji, na mji ukakaa kwa kiu mpaka mama yake alipoletwa kumbembeleza mwanawe aliyekwisha kufa. Na yule kijana? Alichoahidiwa hakukipata. Ahadi ilikuwa chambo, na samaki halipwi mshahara kwa kumeza ndoana.

Msomaji, wengi wetu tulipoisikia hadithi hii utotoni tulimhukumu kijana kwa neno moja: msaliti. Tukaongeza methali, kikulacho ki nguoni mwako, tukafunga kitabu. Hukumu hiyo si ya uongo, lakini ni fupi kuliko kisa chenyewe. Kijana huyu ni nani? Baba yake ni wa upande mmoja, mama yake wa upande mwingine. Alitakiwa duniani kabla hajazaliwa, na hakutakiwa kwa ajili yake mwenyewe: ujomba wake ulimtaka ili urithi nguvu za baba. Kisha Sultani akamtaka ili apate siri za baba. Katika maisha yake yote hakuna mtu anayemtazama bila ya kumwona baba yake nyuma yake. Hata sisi wasomaji twamwita mwana wa Liyongo tu. Simsamehe, bali nasema kwamba mtu asiye na mahali pake mwenyewe hununuliwa kwa bei nyepesi na yeyote anayemwambia, njoo, huku ndiko kwako.

Hapo ndipo ninapouona ustadi mkubwa wa utendi huu. Sultani hakumshinda Liyongo kwa nguvu. Alimshinda kwa kukigawa kifungo kimoja kikawa viwili. Alimfanya mwana aone kwamba kuwa mtoto wa baba na kuwa mtu mwenye heshima mjini ni mambo mawili yasiyopatana. Mara mtu anapoamini hivyo, sindano imekwisha kunolewa. Kilichobaki ni kungoja usingizi. Na mshairi ametuwekea kando yake kipimo cha kumlinganisha naye. Saada alikuwa mjakazi. Sheria ya siku hizo ilimhesabu kuwa mali, wala hapana aliyemwahidi cheo. Naye ndiye aliyebeba mkate ulioficha uhuru wa mtu mwingine, akapita mbele ya walinzi bila ya kuyumba. Aliyekuwa na damu alisaliti. Asiyekuwa na damu alitunza amana. Mshairi hasimami kutuhubiria jambo hili. Ameliweka tu mbele yetu, na anayetaka kuliona ataliona.

Sasa na tuvuke bahari. Marekani ilipigana vita vya wenyewe kwa wenyewe tangu mwaka 1861 hadi 1865. Majimbo ya Kusini, yaliyotaka kuendelea na utumwa, yalijitenga yakafanya dola yao. Majimbo ya Kaskazini yaliyabaki na serikali ya zamani yakawapiga mpaka wakashindwa. Askari zaidi ya 600,000 walikufa. Vita vikaisha katika karatasi, lakini katika mioyo havikwisha upesi hivyo.

Sinema ya Ford inaanza mwaka 1868 katika jimbo la Texas. Mlango wa nyumba unafunguliwa, na mwanamke anatazama nje jangwani, anamwona mpanda farasi anakuja. Huyo ni Ethan Edwards, anayechezwa na John Wayne, askari wa Kusini aliyeshindwa lakini hakusalimu amri. Miaka mitatu imepita tangu vita kumalizika, na hapana ajuaye alikuwa wapi. Upanga wake bado anao. Anapotakiwa kula kiapo ili ajiunge na askari wa mpakani, anakataa, kwa hoja kwamba mtu huapa mara moja tu, na kiapo chake alikitoa kwa dola ya Kusini. Dola hiyo imekufa, lakini mtu wake yu hai. Na mtu aliyefungwa kwa maiti hana pa kwenda.

Mara Wakomanchi, mojawapo ya mataifa ya wenyeji wa asili wa Amerika, wanaishambulia nyumba ya ndugu yake. Ndugu, mkewe na mtoto wao wa kiume wanauawa. Mabinti wawili wanachukuliwa. Mkubwa anakutwa ameuawa. Mdogo, Debbie, anatafutwa kwa miaka mitano au zaidi, na Ethan anafuatana katika safari hiyo na kijana Martin Pawley. Tena hapa, msomaji, fungua macho, maana Martin ndiye ndugu wa yule mwana wa Liyongo. Wazazi wake waliuawa akiwa mtoto mchanga. Ethan mwenyewe alimwokota, na jamaa ya Edwards wakamlea. Lakini katika damu yake mna sehemu ya Wacherokee, taifa jingine la wenyeji, na Ethan hakosi kumkumbusha. Aliyemwokota ndiye anayemkana.

Kadiri safari inavyorefuka, yatambulikana kwamba Ethan hamtafuti tena Debbie ili amwokoe. Binti amekwisha kukua miongoni mwa Wakomanchi na kuwa mke wa mkuu wao, Scar. Na machoni pa Ethan amekwisha kuchafuka, heri afe. Wanapokutana naye, Ethan anashika bastola, na Martin anajiweka mbele ya binti kwa mwili wake. Kwa maoni yangu hili ndilo tendo kubwa kuliko yote katika sinema nzima, kuliko mbio zote za farasi na risasi zote. Kijana asiye wa damu anasimama baina ya mjomba na binti wa ndugu yake, na kumzuia wa damu asimwage damu.

Linganisha sasa. Mwana wa Liyongo na Martin Pawley wote wawili ni watu wa pande mbili. Wote wawili walidharauliwa au walitumiwa kwa sababu ya kuzaliwa kwao. Mmoja alipoulizwa yu wa nani, alichagua upande wa mwenye kuahidi, akamwua aliyemzaa. Mwingine alipoulizwa swali lile lile alikataa kulijibu kama lilivyoulizwa. Hakusema, mimi ni wa weupe, wala hakusema, mimi ni wa wenyeji. Alisema kwa tendo lake: mimi ni wa binti huyu, kwa kuwa tulilelewa pamoja. Methali yetu yasema mshika mbili moja humponyoka. Methali hiyo ni kweli katika mambo ya mali na shughuli; lakini kazi hizi mbili zinatuonyesha kwamba katika mambo ya watu si kweli sikuzote. Ethan alishika moja tu kwa nguvu zake zote, na vyote vikamponyoka. Martin alishika mbili, na kwa sababu hiyo mkono wake ulikuwapo pale ulipohitajiwa.

Hata Ethan mwenyewe haendi mpaka mwisho wa chuki yake. Karibu na mwisho anamkimbiza Debbie kwa farasi, na mtazamaji anaogopa. Lakini anamwinua mikononi kama alivyomwinua alipokuwa mtoto mdogo, anamrudisha kwa watu. Wote wanaingia ndani ya nyumba ya jirani. Yeye anabaki nje mlangoni, ameshika mkono wake mmoja kwa mwingine; kisha anageuka kwenda zake, na mlango unafungwa. Liyongo amepiga goti kisimani na mji wake unamwogopa. Ethan amesimama mlangoni na nyumba haina nafasi yake. Mashujaa wawili, na wote wawili wako nje ya watu waliowapigania. Lakini tofauti ni kubwa. Liyongo yuko nje kwa sababu wengine walimsaliti. Ethan yuko nje kwa sababu ya uaminifu wake mwenyewe, uliomganda kama kutu katika upanga.

Mhakiki akisifu tu amefanya nusu ya kazi. Hebu tutazame upungufu wa kazi hizi, ambao kwa ajabu ni mmoja. Zote mbili zinasimulia habari za pande mbili kwa kinywa cha upande mmoja.

Katika sinema, Scar ana sababu ya chuki yake: wanawe waliuawa na weupe, naye analipiza. Maneno hayo yanatamkwa, na ni sifa kwa Ford kwamba aliyaruhusu yatamkwe. Lakini yanapita upesi. Mwenye kumchezea Scar alikuwa Henry Brandon, mzungu aliyezaliwa Ujerumani. Na Wakomanchi wengi tunaowaona ni Wanavajo wa nchi ya Monument Valley, palipopigwa picha, ambayo si Texas kamwe. Kwa hiyo taifa zima limeazimwa uso, limeazimwa ardhi, na limenyimwa hoja. Vibaya zaidi ni habari ya Debbie. Mara ya kwanza anawaambia watafutaji waende zao, kwa kuwa hao aliokaa nao ndio watu wake. Baadaye anakubali kurudi, na mwandishi hatuonyeshi njia iliyompitisha kutoka neno la kwanza hadi la pili. Moyo wa binti ndio uwanja wa vita vyote, lakini kamera haiingii humo.

Historia yenyewe ilikuwa na ukweli mchungu zaidi. Mwaka 1836 mtoto wa Texas, Cynthia Ann Parker, alichukuliwa na Wakomanchi akiwa na umri wa miaka 9 hivi. Alikua kwao, akaolewa, akazaa. Mwaka 1860 askari wa Texas walimkamata na kumrudisha kwa jamaa zake wa kuzaliwa. Furaha ilikuwa yao, si yake. Alijaribu kutoroka kurudi kwa wanawe, wala hakuwaona tena mpaka alipokufa. Mwanawe, Quanah Parker, alikuja kuwa mkuu mwenye sifa wa Wakomanchi. Basi kuna kuokolewa ambako kwa anayeokolewa ni kutekwa mara ya pili. Ford angalikubali kutuonyesha uzito huo katika uso wa Debbie, sinema yake ingalikuwa kubwa zaidi ya ilivyo.

Utendi nao una deni hilo hilo. Mke wa Liyongo aliletwa ili azae. Alipokwisha kuzaa, sauti yake ni hafifu. Mama huyu alilia vipi aliposikia kwamba mwanawe amemwua mumewe? Wajomba zake kijana walimfunza nini juu ya baba yake? Watu wa mwituni, Wasanye na Wadahalo, wanatajwa kama wauaji wa kukodiwa, wala hatuelezwi kwamba huenda walikuwa na ugomvi wao au hofu yao mbele ya Sultani aliyewatuma. Liyongo anaimbwa na mji. Mbuga na mwitu havikupewa zamu ya kuimba.

Yamkini mtu atasema kwamba ninazionea kazi hizi. Kwamba utendi una kanuni zake, na kazi yake ni kumtukuza shujaa. Na kwamba sinema za wapanda farasi zilitengenezwa kwa ajili ya kuburudisha. Nakubali kwamba kila kazi ipimwe kwanza kwa kanuni za aina yake. Kwa kipimo hicho zote mbili zimefaulu: utendi umedumu katika vinywa vya watu, na The Searchers ilikuwa miongoni mwa sinema za kwanza kabisa zilizochaguliwa na Marekani mwaka 1989 zihifadhiwe kama mali ya taifa. Lakini kazi kubwa haiogopi kipimo cha pili. Mtumbwi hupimwa kwanza kama unaelea. Ukisha kuelea, watu huuliza unabeba nani na unawaacha nani ukingoni.

Na watu wa Mto Tana wana haki ya kuuliza hivyo. Tarehe 22 Agosti 2012, katika kijiji cha Riketa kilicho katika nchi ya Garsen, watu zaidi ya 50 waliuawa kwa siku moja, na walio wengi walikuwa wanawake na watoto. Vikafuata visasi katika Chamwanamuma, Kilelengwani na Kipao. Na kufikia Januari 2013 waliokufa walizidi 100. Watu walitaja sababu nyingi: malisho, maji, mashamba, na siasa za uchaguzi uliokuwa ukikaribia. Sitapanga hapa nani alianza na nani alijibu, kwa kuwa hesabu ya namna hiyo haina mwisho, na kila mwenye kuihesabu huanza siku iliyomfaa. Nataka tu ukumbuke, msomaji, kwamba mkulima na mfugaji wa Tana hawakuwa wageni wa jana. Walikutana sokoni, waliuziana nafaka na maziwa, wengi walisali pamoja, na wako waliooana. Wako, basi, watoto ambao wajomba zao wako upande huu na ami zao upande ule. Zinapolia baragumu za vita, mtoto wa namna hiyo huulizwa swali lile lile la Pate na la Texas: wewe ni wetu au ni wao?

Anayeuliza swali hilo mara nyingi huwa na sindano ya shaba katika kiganja. Hataki jibu; ataka chombo. Sultani hakumtaka mwana wa Liyongo awe mwana wake. Alitaka mkono unaoweza kufika kitandani mwa Liyongo. Kijana wa mtoni anapoambiwa athibitishe uaminifu wake kwa kuonyesha njia ya kuingilia kijiji cha wajomba zake, na ajue kwamba hadithi hii imekwisha kusimuliwa, na mwisho wake unajulikana. Atakapokuwa ameitoa siri, hatakuwa na upande wowote. Maana walioinunua hawatamwamini, na waliouzwa hawatamsahau.

Lakini kazi hizi mbili zikiwekwa pamoja zinatoa jibu ambalo moja peke yake halikutosha kulitoa. Utendi unatuonya kwa kumwonyesha mwana aliyeshindwa. Sinema inatutia moyo kwa kumwonyesha kijana aliyesimama. Mtu wa pande mbili si nusu ya huyu na nusu ya yule. Akipewa nafasi, na hasa akijipa nafasi mwenyewe, yeye ni daraja. Na daraja halichagui ukingo mmoja, kwa maana likiuacha mmoja halitakuwa daraja tena, litakuwa gogo lililoangukia majini.

Nakusihi, msomaji, ukasome utendi wa Liyongo mwenyewe, wala usitosheke na muhtasari wangu. Usome kwa sauti, kwa kuwa ulitungwa kwa ajili ya sikio. Ukipata nafasi, utazame na sinema hii, uangalie mlango unavyofunguliwa mwanzoni na unavyofungwa mwishoni. Kisha ujiulize maswali matatu. Ni nani katika kazi hizi aliyekuwa mwaminifu bila ya kuahidiwa kitu? Ni nani aliyenyimwa sauti, naye angalisema nini kama angalipewa? Na kama ungalikuwa wewe ndiye mwana aliyeitwa Pate akaketishwa karibu na kiti cha enzi, ungalirudi nyumbani na swali, au ungalirudi na onyo?

Swali la tatu ndilo zito kuliko yote. Kijana yule alikuwa na safari nzima ya kurudi kwa baba yake. Njia ilikuwa ndefu ya kutosha kubadili nia. Angaliweza kufika, akaketi karibu na baba, akamwambia, wananituma nikuue. Maneno mawili yangalitosha kuokoa watu wawili, baba na mwana. Hakuyasema, na kwa kutoyasema kwake, mji mzima ulikaa kwa kiu mbele ya kisima kilichojaa maji.